Je, wajua kwa nini washairi wanaume wa Kisaraiki huimba kama wanawake?

Kabla sijaeleza chochote, soma mistari hii kwa sauti, hata kama hujui ni lugha gani:

Meda kaaba qibla masjid mimbar, mushaf te quran vi tun
Meda farz fariza hajj zakat, saum salat azan vi tun

Umeona? Kaaba, kibla, masjid, mimbari, msahafu, Kurani, faradhi, hija, zaka, saumu, sala, adhana. Yani hujafundishwa hata neno moja na karibu yote ushayaelewa, vimebaki vineno vidogo tu, meda ni "yangu", te ni "na", vi ni "pia", tun ni "wewe". Anasema Kaaba yangu ni wewe, kibla changu ni wewe, msahafu wangu pia ni wewe, hija yangu na funga yangu na sala yangu, zote wewe. Hicho ni Kisaraiki, lugha ya kusini mwa Punjab huko Pakistan, pande za Multan, Bahawalpur na Dera Ghazi Khan, na sensa yao ya 2023 ilihesabu wasemaji zaidi ya milioni 28. Aliyetunga ni Khwaja Ghulam Farid, sheikh wa tarika ya kisufi ya Chishti, alifariki 1901 na kaburi lake liko Mithankot, mji mdogo karibu na mto Indus.

Sasa twende mbele kidogo kwenye shairi hilohilo. Baada ya hija na zaka na adhana sheikh anageuka, anamwambia huyohuyo mpenzi wake: mehndi yangu ni wewe, kajjal yangu ni wewe, wekundu wa midomo yangu ni wewe, paan yangu pia ni wewe. Mehndi ni hina. Kajjal ni wanja. Paan ni tambuu. Huyu ni mtu mzima mwenye muridi wengi, hadi nawabu, yani mtawala, wa Bahawalpur, Sadiq Muhammad Khan wa nne, alikuwa muridi wake, na ndiye anayesema wewe ndo hina ya mikono yangu na wanja wa macho yangu. Mi nilipoisikia mara ya kwanza, kwenye rekodi ya zamani ya Pathanay Khan akiimba na kinanda chake cha harmonia, nilidhani aliyenitafsiria kakosea. Hakukosea. Anaongea kama mwanamke, na si yeye peke yake, ushairi wa kisufi wa upande ule umejaa wanaume wenye ndevu zao wanaolia kama mabinti walioachwa na waume.

Kwa nini lakini?

Tuanze na lugha yenyewe, maana hapa sisi wa Kiswahili tunapitwa na kitu bila kujua. Kwetu mtu akisema "ninakwenda" huwezi kujua kama ni mwanaume au mwanamke. Kisaraiki ni tofauti, kitenzi chenyewe kinakusema. Mwanaume anayekwenda ni vainda, mwanamke anayekwenda ni vaindi, mara nyingi ni ile -a na -i ya mwishoni tu. Kwa hiyo mshairi akifungua mdomo kusema nakwenda, nalia, nasubiri, msikilizaji ashajua papo hapo anayelia ni nani, hakuna haja ya kutangaza kwamba sasa najifanya mwanamke. Afu mwishoni, kwenye ubeti wa kufungia, mshairi anaweka jina lake, Farid, ndo desturi ya mashairi haya yanayoitwa kafi. Basi unajikuta na jina la mwanaume limekaa katikati ya vitenzi vya kike na hakuna anayeshtuka.

Kafi ndo umbo lenyewe, shairi la kuimbwa, beti fupifupi zenye kibwagizo ambacho mwimbaji anakirudia na kukirudia mpaka wasikilizaji wanaanza kutikisika. Diwani ya Farid ina kafi zaidi ya 270. Na hakuanza yeye, kabla yake kulikuwa na Sachal Sarmast wa Sindh, jimbo la jirani, aliyefariki 1827, ambaye alitunga kwa Kisindhi na kwa Kisaraiki pia.

Sasa huyo mwanamke anayeongea kwenye kafi ni nani? Mara nyingi sana ana jina, anaitwa Sassi. Kisa chake kila mtu kule anakijua toka mtoto. Sassi alizaliwa, watabiri wakasema mtoto huyu ataleta aibu, wazazi wakamweka kwenye sanduku wakalitupa mtoni, akaokotwa na fundi wa kufua nguo wa mji wa Bhambore, akalelewa, akakua akawa mzuri hadi habari zake zikafika mbali. Punnu, mtoto wa mtawala wa Kech huko Makran, upande wa Baluchistan, yeye Mbulushi, akaja kumtafuta, akampenda, akakubali hata kufua nguo za watu ili amuoe. Ndugu zake Punnu wakakasirika. Wakaja kama wageni, wakamlewesha, na usiku wakampakia juu ya ngamia wakaondoka naye. Sassi alikuwa amelala. Alipoamka kitanda kitupu. Akatoka mbio peku jangwani, akifuata nyayo za ngamia, jua, mchanga, miiba, akiita jina la mtu mmoja tu, mpaka akaomba ardhi impasukie na ardhi ikammeza.

(Makran hiyohiyo ndo walikotoka wazee wa Wabulushi wengi wa Zanzibar na Mombasa, waliokuja kama askari wa masultani wa Oman. Kwa hiyo Punnu si mgeni sana kwetu kama jina lake linavyosikika.)

Masufi waliposikia kisa hiki walikiona kimeshawafanyia kazi nusu nzima. Kosa la Sassi ni nini? Alilala. Wao usingizi ule wanauita ghaflat, na hapa tena Mswahili hahitaji mkalimani, ni kughafilika. Roho ya binadamu ilikuwa na Mpenzi wake, ikaghafilika, ikaamka duniani kitanda kitupu, na maisha yote yaliyobaki ni kufuata nyayo kwenye mchanga. Sassi haketi kulaumu ndugu zake Punnu, anajilaumu yeye kwa kulala, na hiyo ndo hali ambayo sufi anataka kuifikia. Jirani yao Shah Abdul Latif wa Sindh, aliyefariki 1752, alimpa Sassi sura tano nzima katika diwani yake. Farid yeye anamrudia kafi baada ya kafi, na mara nyingi hata jina halitaji, anasema tu Kech, ngamia, mchanga, na watu washajua anayeongea ni nani.

Afu kuna jambo la pili, na mimi naliona zito kuliko hata Sassi. Siku aliyofariki walii, kule haiitwi siku ya msiba, inaitwa urs. Ni mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi neno harusi. Yani kifo cha walii ni harusi yake, roho iliyokuwa inasubiri miaka yote leo inapelekwa kwa mwenyewe, na ndo maana kila mwaka makaburini Mithankot na Multan na kwingineko watu wanakusanyika kwa maelfu na ngoma na nyimbo na chakula, mgeni anaweza kuona kama wanasherehekea msiba wa mtu kumbe wao wanasherehekea ndoa. Sasa ukishaamini kwamba kifo ni harusi na bwana harusi ni Mungu, wewe unabaki na nafasi moja tu ya kukaa. Unapakwa hina, unatiwa wanja, unasubiri. Ile hina ya kwenye shairi nilidhani ni pambo tu la maneno, kumbe ni hesabu imekamilika, huwezi kutaja Kaaba na kibla ukamaliza bila kujiandaa kwa siku yenyewe.

Na hawa wanaume sauti hiyo waliitoa wapi? Hawakuibuni. Waliichukua kwa wanawake wa vijijini. Nyimbo za kusaga nafaka, nyimbo za kusokota uzi kwenye gurudumu lao linaloitwa charkha, nyimbo za kumuaga binti anayeolewa mbali, hizo zilikuwepo na zilikuwa za wanawake. Mashairi ya Kiajemi ya watu wa mabarazani yalikuwa na mwanaume anayelalamikia mpenzi, yanahitaji usome kwanza. Mkulima na mchunga ngamia hasomi Kiajemi, ila wimbo wa mama yake akisaga anaujua kwa moyo, kwa hiyo masufi wakaingia kupitia mlango huo. Amir Khusrau wa Delhi, aliyefariki 1325, anakumbukwa kwa namna zote mbili, akitunga Kiajemi ni mwanaume, akigeukia lugha ya nyumbani sauti inakuwa ya kike.

Farid mwenyewe aliipata zaidi jangwani. Rohi, ndo jina la wenyeji kwa jangwa la Cholistan, alikaa huko vipindi virefu na kafi zake zimejaa kule, mvua ikinyesha na mabwawa yanayoitwa toba kujaa maji, mifugo kurudi, wanawake wa Rohi ambao, anasema, usiku wanawinda mioyo na mchana wanasukasuka maziwa kupata siagi. Kuna kafi yake moja maarufu mno inayoanza kwa kusema pilu zimeiva, njoo mpenzi tukachume pamoja. Pilu ni vitunda vya mti wa jamii moja na mti wetu wa mswaki, vidogo, vinaiva kwenye joto kali wakati kila kitu kingine kimekauka. Wasichana wanatoka kuchuma na vikapu. Unaweza kuiimba kama wimbo wa mavuno tu na hujakosea, na unaweza kuisikia kama mwaliko wa roho na hujakosea pia.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kulia tu, huyuhuyu aliyejipaka hina alimwambia nawabu muridi wake kwa shairi, jenga mji wako mwenyewe, ng'oa vituo vya polisi vya Waingereza.

Kitu kingine niwaambie kwa wanaopenda sauti za lugha. Sema "baba", sema "dada", polepole. B yetu na D yetu hewa inavutwa kidogo ndani badala ya kusukumwa nje, wengi hatujui kama tunafanya hivyo. Kisaraiki nacho kina sauti hizo, nne, za b, d, j na g, na wanazitofautisha na zile za kawaida hadi wameziongezea herufi zake kwenye hati yao ya Kiarabu. Kiurdu hakina. Na hili kwao si jambo dogo, maana kwa muda mrefu waliambiwa lugha yenu ni lahaja tu ya Kipunjabi, na jina lenyewe Kisaraiki limeshika kama jina la wote tangu miaka ya 1960, kabla ya hapo kila mji ulikuwa na jina lake, Kimultani, Kiriyasti, Kiderawali. Watu waliposimama kudai lugha yao walisimama na sauti hizo nne na diwani ya Farid mkononi. Washairi wa leo kama Ashu Lal na Rifat Abbas na Shakir Shujabadi wameendeleza, ila mzigo wao mwingine, mto, ardhi, njaa, na kudharauliwa.

Kuna jambo linaloniuma hapa na sitalipita. Sauti ni ya mwanamke, machozi ni ya mwanamke, wimbo wa kusaga ni wa mwanamke, lakini ukifungua vitabu vya zamani majina ni ya wanaume karibu yote. Wale waliokuwa wanasokota uzi na kuimba hawakuandikwa. Mi ndo maana napenda sana kafi zikiimbwa na wanawake, Suraiya Multanikar wa Multan, au Abida Parveen, mwanamke anaposema vaindi, nakwenda, naona kama mali imerudi kwa mwenyewe. Pathanay Khan nampenda pia, sauti yake ile nzito, nikimsikiliza najua naskia mwanaume anaomba kwa jina la mwingine.

Sasa nimekuwa nikijaribu kuzileta kafi mbili tatu kwa Kiswahili na nilikwama palepale kwenye kitenzi. "Nalia, nakwenda, nimepotea," hamna uke hata kidogo, ukimsomea mtu anadhani ni bwana fulani kapotea njia. Nilijaribu kuongeza "mie mwanamke" kila ubeti ikawa nzito, inatangaza kitu ambacho kwao kinapita kimyakimya. Nikaacha karibu mwezi. Afu nikiwa nasikia watu wanaongea habari za ndoa ya jirani ndo nikashtuka, kumbe tunacho kitenzi kinachomsema mtu kwetu, kimoja, nacho ni hicho cha harusi. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Kwa hiyo sasa kafi ya Sassi naianza hivi, iko kwenye daftari, sheikh anaongea: nimeolewa nawe, nikalala, nimeamka sikuoni.