Tope la baharini lina sumu kweli? Muulize amfipodi kwa siku 10

Maabara inaweza kukupa jedwali refu la vilivyomo kwenye tope la bandari, kadimi kiasi hiki, shaba kiasi kile, na bado usijue kama mnyama anayeishi ndani ya tope hilo atapona. Sumu iliyomo na sumu inayomfikia mnyama ni vitu viwili. Tope jeusi lenye harufu ya yai viza lina salfidi nyingi, yaani misombo ya salfa, na salfidi huzifunga kadimi, shaba, risasi na zinki zisipenye kwenye maji yaliyo katikati ya chembe. Kwa kadimi hesabu ni moli moja kwa moli moja (moli ni kipimo cha idadi ya chembe): salfidi moja hufunga kadimi moja. Mabaki ya mimea yaliyooza nayo hushikilia masalia ya mafuta na viuatilifu visivyoyeyuka vizuri majini. Kwa hiyo jedwali halitoshi. Anayejibu ni mnyama mwenyewe.

Nitaeleza jaribio la siku 10 la Leptocheirus plumulosus, amfipodi wa midomo ya mito ya mashariki mwa Marekani, ghuba ya Chesapeake ikiwemo. Ni kidudu cha jamii ya kamba, anachimba kishimo chenye umbo la U na kula chembe zinazomzunguka, kwa hiyo hana pa kuikimbilia sumu ya tope. Ulaya wengi hutumia ndugu yake, Corophium volutator.

Tope lihifadhiwe gizani kwenye nyuzi 4, chombo kikiwa kimejaa hadi juu ili hewa isibaki. Usiligandishe wala usilikaushe. Hewa ikiingia, salfidi huoksidishwa, metali inaachiliwa, na utapima sumu uliyoitengeneza wewe mwenyewe. Siku moja kabla ya kuanza, likoroge mpaka rangi iwe moja, okota kaa, minyoo na amfipodi wa humo humo. Hawa wenyeji ni hatari: wengine hula wanyama wako, wengine utawahesabu kimakosa siku ya mwisho.

Weka mililita 175 za tope kwenye chupa ya kioo ya lita moja, upate tabaka la sentimita 2 hivi, kisha ongeza maji ya chumvi ya 20 kwa elfu hadi mililita 950. Maji usiyamimine moja kwa moja. Weka kipande cha plastiki juu ya tope, maji yaangukie hapo. Ncha ya mrija wa hewa ikae angalau sentimita 2 juu ya tope, mapovu yatoke polepole. Mapovu ya nguvu hutibua tope na kuwafukua wanyama. Acha usiku kucha litulie kwenye nyuzi 25.

Kesho yake tia amfipodi 20 kwa kila chupa, wenye urefu wa milimita 2 hadi 4, bila wakubwa waliokomaa. Andaa chupa tano kwa kila tope, na tano nyingine za tope safi unalolijua. Wahamishe kwa pipeti yenye mdomo mpana, na uwaachie mdomo wa pipeti ukiwa ndani ya maji. Akishikwa na utando wa uso wa maji hawezi kuzama: mdondoshee tone moja la maji, atashuka. Baada ya saa moja, asiyejichimbia mbadilishe. Ila ukimwona anaingia, anatoka, anaingia tena, mwache na uandike, kwa sababu huyo analikwepa tope lenyewe. Taa ziwake saa 24 ili wabaki chini. Hawalishwi.

Sasa niseme kuhusu amonia, maana hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Tope lenye uozo mwingi huitoa lenyewe, bila kiwanda chochote kuhusika, na likikaa kwenye chombo kilichofungwa hujilimbikiza. Kwa mnyama huyu kikomo ni miligramu 60 za amonia yote kwa lita kwenye pH (kipimo cha uasidi wa maji) 7.7, au miligramu 0.8 za ile isiyo na chaji ya umeme. Hiyo ya pili ndiyo inayoua zaidi, na pH ikipanda kwa kizio kimoja tu, sehemu yake huongezeka karibu mara kumi. Namba ya amonia isiyo na pH, joto na chumvi haina maana. Ipime kwenye maji ya katikati ya chembe kabla ya kuanza, na kwenye maji ya juu siku ya kwanza na ya mwisho. Ikizidi kikomo, na swali lako ni la metali au mafuta, badilisha maji ya juu mara mbili kwa siku mpaka ishuke, ndipo utie wanyama. Fanya vivyo hivyo kwa chupa za tope safi, la sivyo ulinganisho umekufa.

Siku ya 10 mimina kila chupa kwenye chekecheo la matundu ya milimita 0.5. Asiyesogea mguse taratibu na utazame miguu ya kuogelea; ikitikisika hata kidogo, yu hai. Asiyeonekana huhesabiwa amekufa, kwa kuwa mzoga wa kidudu hiki huoza au kuliwa upesi. Kabla ya kuanza jaribio lolote, mwenye kuhesabu apewe chupa yenye idadi inayojulikana tuone anawapata wangapi. Tope safi lazima liwe na walio hai angalau asilimia 90 kwa wastani. Wakipungua hapo, rudia yote, hata kama matokeo mengine yanapendeza. Pamoja na hilo endesha jaribio la saa 96 la kloridi ya kadimi kwenye maji ya chumvi yasiyo na tope, upime afya ya kundi la amfipodi wako.

Wakifa wengi kwenye tope la bandari, umejua kwamba linaua, bado hujajua kwa nini. Gawanya tope mafungu: moja litie zeolaiti, inayonasa amonia, la pili unga wa mkaa wa vifuu, unaonasa mafuta na viuatilifu, la tatu resini inayonasa metali. Fungu ambalo wanyama wanapona ndani yake ndilo linalokuonyesha aina ya sumu.