Juma Kuu Ndani ya Masika: Kinachosogezeka na Kisichosogezeka

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na masika ya Pwani huwa Machi hadi Mei. Kwa hiyo mvua ya Juma Kuu, wiki inayoishia Pasaka, si dharura, ni ratiba. Dharura ni yale yanayoongezeka juu yake: daraja la kwenda kigangoni (kanisa dogo lililo chini ya parokia) limezolewa, padre msaidizi kalazwa, umeme umekatika Mkesha wa Pasaka, ibada ya usiku wa Jumamosi Kuu, ukikaribia.

Jumapili ya Matawi haisumbui. Misale, kitabu cha sala za Misa, ina namna tatu za kuingia, na maandamano ni mojawapo tu. Mvua ikishika, waamini wakae ndani na matawi yao, padre ayabariki mahali panapoonekana na wengi, kisha aelekee altareni na kikundi kidogo.

Ibada ya Ijumaa Kuu kwa kawaida ni saa 9 alasiri. Ikibidi inasogezwa, ila isivuke saa 3 usiku. Mkesha ndio mgumu: hauanzi kabla ya giza kuingia, na lazima uishe kabla ya mapambazuko ya Jumapili. Anayependekeza saa 10 jioni ili watu wawahi daladala aambiwe mapema kwamba haiwezekani. Kinachopunguzwa ni masomo. Yale 7 ya Agano la Kale yanaweza kushuka hadi 3, lakini la Kutoka sura ya 14 haliachwi kamwe.

Sasa hostia, mikate ya komunyo, maana hapa ndipo parokia nyingi huumbuka. Ijumaa Kuu hakuna Misa, kwa hiyo kinachokomunishwa siku hiyo kimekonsekriwa (kimewekwa wakfu katika Misa) Alhamisi Kuu. Ukikosea hesabu Alhamisi, Ijumaa hakuna pa kuongezea. Msihesabu kwa kutazama mabenchi ya Alhamisi. Ijumaa watu hujaa zaidi. Chukueni idadi ya Ijumaa ya mwaka jana, ongezeni moja ya kumi. Tuseme walikomunika 640: wekeni 704, na za Alhamisi yenyewe kando. Kama kuna kigango cha watu 150 ambacho njia yake haiaminiki, wahesabieni parokiani pia. Siborio (vyombo vya hostia) za Ijumaa zifungwe kitambaa cha rangi tofauti na wahudumu wa Ekaristi waonyeshwe kabla ya Misa, kwa sababu mhudumu akiona foleni haiishi mkono wake huenda kwenye siborio iliyo karibu. Ijumaa zikionekana kupungua, anzeni kuzimega siborio ikiwa nusu. Mkingoja zibaki 20, mmeshachelewa.

Moto wa Mkesha uwashwe mlangoni, kwenye jiko kubwa la mkaa lililowekwa chini ya baraza yenye paa la bati au zege. Chini ya turubai, hapana. Mkaa ukolezwe dakika 40 kabla, kuni kavu ziongezwe mwishoni ili mwali uonekane. Petroli isikaribie hapo: hulipuka usoni mwa mtumishi wa altare. Makaa ya chetezo yatolewe kwenye moto huo huo kwa koleo. Wakati wa kupokezana mwanga, mshumaa unaowaka usimame wima, ule usiowaka ndio uinamishwe. Kinyume chake nta humwagikia mikononi mwa watoto.

Umeme ukikatika kabla ya Mbiu ya Pasaka, wimbo wa kutangaza ufufuko mwanzoni mwa Mkesha, wala hamjapoteza kitu, kanisa lilikuwa gizani tayari. Tatizo ni vipaza sauti na kinanda. Jenereta ndogo ibebe hivyo na taa chache, feni zizimwe. Ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu ya moshi wake. Na fundi asiichomeke kwenye soketi ya ukutani. Bila swichi ya kubadilishia, umeme huo hurudi kwenye nguzo na unaweza kumuua anayetengeneza laini.

Tangazo la mabadiliko litolewe na mtu mmoja, katibu wa parokia, kwenda kwa wenyeviti wa jumuiya, nao wajibu "nimepata". Asiyejibu apigiwe simu. Liandikwe "saa 1 usiku", siyo "7:00". Ukiandika saba peke yake, nusu ya watu watafika saa 7 mchana na kukuta mlango umefungwa, na wengine watakuja usiku. Tangazo la zamani lifutwe kwenye makundi ya simu na karatasi yake ibanduliwe mlangoni, kwani kuna watakaosoma hiyo tu.