"Hukuishi enzi zile": dhana potofu kuhusu nani anaijua Ujamaa

Nakusanya simulizi za wazee kuhusu Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya miaka ya 1970 ya kuhamishia watu katika vijiji vya pamoja chini ya siasa ya Ujamaa. Wiki hii nimeambiwa tena: "Mwalimu, hukuishi enzi zile, usizisemee."

Dhana: Aliyeishi ndani ndiye ajuaye, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ukweli: Anajua kitanda chake. Wazee wengi wa Moshi vijijini walibaki vihambani mwao, yaani kwenye mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa, kwa kuwa kule watu walikuwa wamekwishabanana. Wa Dodoma walianza kuhamishwa 1971, wa Kigoma 1972. Novemba 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Wote hao waliishi Ujamaa, na kila mmoja ana Ujamaa yake.

Tena kumbukumbu huchanganya miaka. Nimechoka kusikia foleni za sukari na sabuni zikisimuliwa kana kwamba zilianza siku watu walipohamishwa. Foleni zile kali ni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda. Msimuliaji hadanganyi. Alitumwa dukani akiwa mtoto, akarudi mikono mitupu. Lakini mtoto yule angejuaje kwamba nchi imeishiwa fedha za kigeni?

Kwa hiyo nawasihi vijana wangu: msianze na "maisha yalikuwaje?" Ulizeni kwanza alikuwa wapi, mwaka gani, na umri gani. Kisha ombeni awapeleke kwenye mahame, pale walipohamishwa. Akifika pale ataonyesha mwembe alioupanda baba yake, kaburi la bibi, mpaka wa shamba. Hayo hakuna ripoti iliyoyaandika, na hapo simbishii mtu.

Dhana: Mgeni hana upendeleo.

Ukweli: Mgeni naye ana lake. Benki ya Dunia iliikopesha Tanzania sana miaka ileile ya kuhamisha watu, kisha miaka ya 1980 ikawa mkosoaji wake mkali.

Dhana: Takwimu humaliza ubishi.

Ukweli: Hesabu za serikali za mwaka 1977 zilionyesha watu wapatao milioni 13 wakiishi vijijini. Hazisemi nani alihama kwa hiari na nani alibomolewa nyumba. Hilo wanalijua waliohamishwa wenyewe, na waliokuwa watu wazima wakati ule sasa wana miaka kama 70 na kuendelea. Waendeeni mwaka huu.