Macho ya Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum Yanapimika

Barua za rufaa zinazotufikia katika kliniki ya macho ya watoto hapa Nairobi mara nyingi huwa na sentensi moja fupi: "Mtoto hakushirikiana, macho hayakupimwa." Mtoto mwenyewe huwa ana usonji, mtindio wa ubongo au sindromu ya Down. Mzazi huja ameshakata tamaa, akiamini hakuna linalowezekana. Lipo, tena mengi.

Chati ya herufi inayotundikwa ukutani humdai mtoto mambo chungu nzima kabla ya kufikia kuona kwenyewe: azijue herufi, atulie kitini, aelewe swali, atamke jibu. Akishindwa na mojawapo huandikwa kuwa hapimiki, ilhali uwezo wake wa kuona bado haujaguswa. Na hawa ndio wanaohitaji kupimwa kuliko wote. Watoto wengi wenye sindromu ya Down huhitaji miwani, na wengi wao macho hushindwa kulenga vitu vya karibu, udhaifu ambao watu wengine huupata wakishafika miaka arobaini na kitu. Husaidika sana kwa miwani ya sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini. Wenye mtindio wa ubongo huwa na makengeza mara nyingi, na waliozaliwa kabla ya wakati wanaweza kuwa na madhara kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Bila kipimo, mtoto anayesukuma daftari kando huitwa mkaidi.

Kipimo ninachokitegemea zaidi hakihitaji jibu lolote. Retinoskopu ni kifaa kidogo kama kurunzi. Naupitisha mwanga wake mbele ya mboni, natazama unaorudi kutoka ndani ya jicho unasogea vipi, nabadilisha lenzi moja baada ya nyingine mpaka msogeo ule uishe. Hapo nimepata namba ya miwani, na mtoto hajasema neno. Mara nyingi tunatia kwanza matone ya kulegeza misuli ya kulenga. Huwasha kidogo, na jua humkera mtoto kwa saa kadhaa, wengine hadi kesho yake, kwa hiyo mletee kofia.

Ili kujua anaona kiasi gani, zipo kadi za kijivu zilizobuniwa Cardiff, Wales, zenye mchoro mmoja juu au chini. Nazishika bila kuangalia mchoro uko wapi, nayatazama macho ya mtoto tu. Yakipanda nami nikigundua mchoro ulikuwa juu, basi ameuona. Kila kadi inayofuata mistari yake ni myembamba zaidi. Anayeweza kulinganisha vitu hupewa picha za Lea Hyvärinen, daktari wa macho wa Finland: tufaha, nyumba, duara na mraba. Picha naionyesha kwa mbali, naye anagusa inayofanana nayo kwenye kadi iliyo mapajani pake. Tufaha akiliita moyo, sawa kabisa, mradi aliite hivyo kila mara.

Kuna tatizo linaloweza kutupita hata sisi wataalamu tukiharakisha. Jicho ni zima, retina ni safi, lakini ubongo haupangi vizuri kile jicho linachouletea. Hutokea hasa kwa waliokosa oksijeni wakati wa kuzaliwa au waliougua homa ya uti wa mgongo. Mtoto huiona matatu inayopita lakini haoni mpira uliotulia mbele ya miguu yake. Kikombe kikiwa peke yake mezani hukipata. Kiweke juu ya kitambaa cha maua, kimepotea. Asubuhi anaona, alasiri akichoka haoni, na watu wanasema anajifanya.

Ndiyo maana humuuliza mzazi maswali kabla ya kuwasha kurunzi. Mama mmoja kutoka Kayole alilalamika kuwa mwanawe anachagua chakula.

"Daktari, huyu hula nusu tu, nusu anaacha."

"Nusu gani, mama?"

Akafikiri kidogo. Ya kushoto, siku zote. Nikamwomba siku hiyo aigeuze sahani mtoto akisema ameshiba. Aliigeuza, na mtoto akamaliza ugali na sukuma. Upande wa kushoto hakuwa akiuona. Shuleni tuliomba aketishwe kushoto mwa darasa, ubao uwe kuliani kwake.

Mkija, njooni asubuhi, mtoto amelala na kula vya kutosha. Mrekodi kwa simu akila, akishuka ngazi, akitafuta kitu cha kuchezea. Video hizo hunionyesha mambo ambayo chumba cha kliniki hakionyeshi. Lete dawa zote anazotumia, hasa za kifafa, kwani mojawapo, vigabatrin, inaweza kupunguza upana wa kuona. Akipewa miwani, aanze kwa dakika chache akifanya anachokipenda. Kwa mwenye sindromu ya Down, hakikisha fremu haiteremki puani, kwa sababu miwani iliyoteremka ni kama haipo. Ukiona weupe ndani ya mboni, hata kwenye picha ya simu tu, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke hospitali mara moja, inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya retina.

Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu tangu 1984, na hapa jijini kuna Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, kule Kasarani. Mtoto akipelekwa kutathminiwa, ulizeni macho yalipimwa lini. Kumpima akili kwa picha bila kujua kama anaziona ni kumwonea.

Na ripoti ya macho ikiandikwa "6/36" peke yake, yaani mtoto huona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 36, mwalimu haimsaidii. Daini iseme asome herufi za ukubwa gani, kwa umbali gani, aketi upande gani na awekewe picha ngapi kwa ukurasa. Nakala moja apewe mwalimu, nyingine abaki nayo mzazi, maana mtoto akihama shule, faili huachwa nyuma.