Kujifanya mtu mwingine: neno na asili yake

Kitenzi chenyewe ni "fanya" tu, kikatiwa kiambishi "ji" kinachomrudishia mtenda tendo lake. Anayejifanya ofisa wa benki kwenye simu anajitengeneza mwenyewe: nafsi yake ndiyo malighafi, na ndiyo bidhaa anayokuuzia.

Hata hivyo, neno hili halikuzaliwa na uovu. Mtoto anayejifanya simba hajamtapeli mtu. Tena mitaani "anajifanya sana" ni kusema mtu ana maringo, basi. Ndiyo maana anayezungumzia kosa hulazimika kuongeza maneno: kujifanya mtu mwingine, kwa nia ya kudanganya. Ukiondoa nia hiyo unabaki na kuigiza, ambako mwigizaji na watazamaji wote wanajua kinachoendelea. Wizi wa utambulisho nao ni jirani, ila si kitu kilekile: mwizi anaweza kuchukua jina na namba yako ya kitambulisho akawauzia wengine, bila yeye mwenyewe kujiita wewe hata mara moja.

Waingereza husema "impersonate". Silabi ya mwanzo hapo haikanushi kitu, ingawa wengi hudhani hivyo. Maana yake ni "ndani". Mtu anaingia ndani ya "persona", na persona kwa Kilatini ilikuwa barakoa ya mwigizaji. Kutoka barakoa neno likahamia kwa mhusika anayeigizwa, kisha kwa mtu mwenyewe, hata mbele ya sheria. Kwa hiyo uso wa bandia ndio uliozaa neno la mtu halisi, na mimi huona hapo ndipo utamu wa habari hii ulipo.

Mroma Gavius Bassus alieleza kwamba persona imetokana na "personare", kuvuma kupitia, kwa kuwa sauti ilipenya kwenye tundu la mdomo wa barakoa. Maelezo matamu, lakini irabu zinayasuta: "o" ya persona ni ndefu, ya personare ni fupi. Wanaisimu wengi huelekea kwa Waetruski, watu wa kale wa Italia, waliokuwa na neno "phersu". Limeandikwa kaburini huko Tarquinia, Italia, katika mchoro wa mwaka 530 KK hivi, kando ya mtu aliyevaa barakoa. Mkononi ameshika kamba ya mbwa, na mbwa huyo anamrarua mtu mwingine aliyefunikwa kichwa kwa mfuko.