Nani Mwenye Kauli juu ya Kelele za Ndege Marekani?

Katika kazi yangu ya sheria za usafiri wa anga, wakazi wa jirani na viwanja vya ndege vya Marekani huniuliza mara kwa mara kwa nini halmashauri yao, yenye uwezo wa kufunga baa usiku, haiwezi kuzuia ndege kupaa saa hizo hizo. Jibu limo katika shauri la mji wa Burbank, California.

Mwaka 1970 mji huo ulitunga sheria ndogo iliyokataza jeti kupaa kati ya saa 5 usiku na saa 1 asubuhi katika uwanja uliokuwa mali ya kampuni ya Lockheed. Safari ya ratiba iliyoguswa ilikuwa moja tu, ile ya Jumapili saa 5:30 usiku. Lakini mwaka 1973 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba sheria hiyo haina nguvu. Jaji William Douglas alieleza kuwa kila mji ukijipangia saa zake, serikali ya shirikisho itashindwa kuongoza msongamano wa ndege angani kwa usalama na ufanisi.

Hata hivyo, katika tanbihi, Mahakama iliacha kando suala la mji unaomiliki uwanja wenyewe. Tanbihi hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa tangu shauri la Griggs la mwaka 1962 anayemlipa fidia mwenye nyumba iliyo chini ya njia ya ndege ni mmiliki wa uwanja, na ni haki anayebeba deni awe na kauli.

Kauli hiyo ilibanwa na sheria ya Kongresi ya mwaka 1990: katazo jipya dhidi ya ndege zenye injini tulivu zaidi linahitaji ridhaa ya mashirika yote yanayohusika au kibali cha shirikisho. Uwanja wa Burbank, ambao sasa uko chini ya mamlaka ya miji mitatu, uliomba kibali cha kufunga safari za usiku ukakataliwa mwaka 2009. Mji wa East Hampton, New York, ulishindwa mahakamani mwaka 2016 kwa kuruka utaratibu huo, ingawa unamiliki uwanja wake. Naona hapo Kongresi ilivuka mpaka, maana mzigo wa fidia uliachwa pale pale.

Kwa hiyo huwashauri wakazi wasiimalizie nguvu yao yote kwenye saa za safari, bali wahudhurie vikao vya mipango miji, kwa sababu uamuzi wa kujenga au kutojenga makazi chini ya njia ya ndege bado uko mikononi mwa halmashauri.