Leptini: homoni ya mafuta inayopandisha presha

Ukiuliza kwa nini unene unaleta presha wengi watakwambia moyo unachoka kusukuma damu kwenye mwili mkubwa, sawa, hiyo ipo, ila ni nusu ya stori. Mafuta ya mwilini hayajakaa tu kama mzigo stoo, yanatengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu masaa 24, yaani ni tezi kabisa.

Homoni kubwa hapo ni leptini, iligunduliwa 1994 na timu ya mwanasayansi Jeffrey Friedman kule New York. Kazi yake ni kuuambia ubongo akiba ipo, punguza kula, na wakati huohuo inaamsha zile neva zinazofanya moyo uende mbio ukishtuka. Sasa mtu akinenepa leptini inazidi mno, ubongo unaizoea, ule ujumbe wa shibe hausikiki tena, lakini neva zinazoenda kwenye figo zenyewe bado zinaisikia leptini vizuri tu! Hapo ndo pabaya. Njaa iko palepale, na figo zinachochewa usiku na mchana zishikilie chumvi, chumvi inavuta maji, maji yanajaza mishipa, presha inapanda. Ndo maana huwa naumia nikisikia mtu mnene anaambiwa ni mlafi tu. Na kwamba leptini inahusika na presha inaonekana hapa: kuna watu wachache sana wanaozaliwa bila leptini, wananenepa kupita kiasi tangu utotoni, ila presha zao kwa kawaida hazipandi kama ungetegemea kwa unene ule.

Mafuta pia yanatoa angiotensinojeni, malighafi ya homoni inayobana mishipa na kuamsha aldosteroni, homoni nyingine ambayo nayo inazuia chumvi isitoke. Angalia pakiti ya dawa ya presha, jina likiishia na pril au sartan ujue inapambana na njia hiyohiyo. Halafu kuna adiponektini, homoni nyingine ya mafuta, hii ni rafiki, inasaidia mishipa ilegee, na cha kusikitisha ni kwamba mafuta yakizidi yenyewe inapungua.

Mabaya zaidi ni mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka viungo, mengine yanazibana figo zenyewe. Kwa hiyo usiangalie mzani peke yake, pima na kiuno. Uzito ukishuka leptini nayo inashuka, na kwa wastani kila kilo 1 inayopungua inaondoka na kama pointi 1 hivi ya presha, ile namba ya juu.